Mimi, Mama Mkwe na Kadi Moja

Kwanza niwajibu wale mnaonisimamisha njiani na kuniuliza kama yule panya amepatikana. Hajapatikana na hatapatikana, kwa sababu hakuwepo. Gauni la bibi harusi nililiunguza mwenyewe kwa pasi, nikamsingizia panya, mkasoma yote humu gazetini, mkacheka mpaka mkanipa jina. Panya Pasi. Asanteni sana.

Kwa anayenikuta leo: mimi ni fundi cherehani. Nashona na kurekebisha magauni katika duka la kukodisha nguo za harusi, na mwenye duka ni mama mkwe wangu. Mke wangu ndiye alikuwa anapokea wateja. Baada ya mambo ya panya alibeba begi lake akahamia kwa mama yake, yaani ghorofani, juu ya duka hilo hilo. Kwa hiyo mke wangu ameniacha, lakini kila asubuhi nasikia ndala zake zikipita juu ya kichwa changu.

Nilipanda ngazi kwenda kuomba msamaha. Hakufungua.

"Sikuondoka kwa sababu ya pasi," aliniambia kutoka nyuma ya mlango. "Pasi kuunguza ni kazi yake. Nimeondoka kwa sababu ya panya."

Wakati huo mama mkwe alikuwa anajiandaa kusafiri nje ya nchi kununua magauni mapya, maana yetu yameshaolewa mara nyingi kuliko inavyostahili. Alihitaji fundi wa kukagua mishono. Fundi ni mimi.

"Nenda naye," mke wangu akasema, bado nyuma ya mlango. "Mkirudi nitamuuliza mama swali moja tu: amesema uongo, hajasema? Mama akiniambia hukusema hata mmoja, siku hiyo hiyo narudi nyumbani. Lakini ukisema hata ule wa kudai umeshiba na hujashiba, mimi na wewe basi."

Hivyo ndivyo mama mkwe wangu alivyofanywa hakimu wa ndoa yangu. Na hakimu huyo, kama mnakumbuka, hajanipenda tangu siku ya posa.

Pesa za safari alitaka zishonwe ndani ya sketi yake ya chini. Nikamshonea mfuko wa siri wenye zipu mbili. Tulipofika benki kutoa hizo pesa, binti wa dirishani akatushauri tuchukue kadi ya safari.

"Mnaijaza pesa hapa hapa kabla ya kuondoka," akaeleza. "Zinabadilishwa leo kuwa za huko mnakokwenda, kwa bei ya leo. Kesho bei ikipanda haiwahusu. Ikiibwa, mnapiga simu inafungwa. Na inatoa kile kilichomo tu. Kikiisha imeisha, haiwezi kukuingiza kwenye deni."

Hilo la mwisho lilimgusa mama mkwe.

"Laiti na watu wangetengenezwa hivyo," akasema, akiniangalia mimi.

Tukaja kwenye namba ya siri. Hapo ndipo akili ya mama mkwe ilipofanya kazi ambayo nadhani benki ile haijawahi kuiona.

"Nikiijua peke yangu nikaugua huko ugenini, tutalala njaa," akasema. "Na fundi akiijua peke yake..." Hakumalizia. Binti wa benki alinitazama kwa huruma. "Basi tugawane. Namba ni nne. Yeye aweke mbili za mwanzo, mimi mbili za mwisho. Hakuna anayemwonyesha mwenzake."

"Mama, watu huwa hawafanyi hivyo," binti akasema.

"Watu hawana mkwe huyu."

Tukapewa kimashine. Nikabonyeza zangu mbili, nikarudi nyuma, nikageukia ukuta. Mama mkwe akasogea, akafunika mashine kwa mtandio, akabonyeza zake. Binti akasema mashine inataka turudie kuthibitisha. Nikasogea tena, nikabonyeza, nikageukia ukuta. Mtandio ukafunika tena. Foleni nzima nyuma yetu ilinyoosha shingo, hata mlinzi alisogea kutazama.

Kwenye bahasha zilikuwemo kadi mbili, moja ya matumizi na moja ya akiba. Ile ya akiba tuliifungia kabatini nyumbani ili isije ikapotea safarini.

Namba zangu niliweka tarehe tuliyofunga ndoa. Nilifanya hivyo kwa moyo wangu wote, ila sikuona sababu ya kuuficha moyo huo, kwa hiyo jioni nilipanda ngazi nikamwambia mke wangu kupitia mlango. Benki ilituonya tusimwambie mtu, lakini mke si mtu.

"Haya," akasema. "Tutaona."

Kwa mwanamke aliyeniacha, hayo yalikuwa maneno matamu sana.

*

Basi tukafika. Siku ya kwanza nilisema ukweli mpaka ukanichosha. Mama mkwe alivaa kofia mpya ya ukili, akageuka kulia na kushoto mbele ya kioo cha hoteli, akaniuliza imempendeza?

"Hapana, Mama," nikasema.

Hakuniambia neno mpaka tulipomaliza chakula cha mchana. Lakini kofia hakuivaa tena, na moyoni nikajua hakimu ameandika kitu kizuri upande wangu.

Kadi nayo ilikuwa inakwenda vizuri. Vitu vidogo vidogo huko havitaki hata namba ya siri, unagusisha tu kadi kwenye mashine, inalia ti, unapewa chako. Mama mkwe aliipenda hiyo ti. Akanunua maji, ti. Akanunua chai, ti. Akanunua mwavuli, ti, halafu mwavuli mwingine, na mvua haikuwepo.

"Hii kadi ina heshima," akaniambia. "Haibishani na mtu."

Siku iliyofuata, ambayo ilikuwa ya mwisho kabla ya ndege yetu ya asubuhi, tukaenda kwenye duka kubwa la magauni. Mwenye duka alikuwa mzee mfupi mwenye futi ya kupimia shingoni, anayejua maneno machache ya lugha tunayoielewa, na mengine yote akiyamalizia kwa vidole na kikokotoo.

Hapo, ndugu zangu, ndipo nilipopata kuwa mtu. Nilipindua kila gauni ndani nje. Nilivuta zipu, nilikwangua shanga kwa ukucha kuona kama zimeshonwa au zimegundishwa, nilikataa lesi iliyokuwa inaanza kutoa nyuzi pindoni. Mzee wa futi alianza kuniletea magauni ya kabatini, yale ambayo hawaanikiwi wanunuzi wa kawaida.

"Fundi," mama mkwe akanong'ona, "kazi hii unaijua."

Miaka yote ya ndoa yangu sijawahi kusikia hivyo. Nilijifanya nachunguza kifungo ili nisionekane uso.

Hapana, huo si uongo. Kifungo nilikichunguza kweli.

Tulichagua magauni yetu yakatundikwa kwenye reli karibu na mlango. La mwisho lilikuwa na mkia mrefu uliotariziwa kwa mkono, na kwa hilo tulikuwa na mshindani, mwanamke mmoja mwenye miwani ya rangi, mfanyabiashara mwenzetu, ambaye alikuwa amelishika upande mmoja sisi tukilishika upande mwingine. Mzee wa futi akaamua: atakayelipa kwanza.

"Lipa, fundi!" mama mkwe akasema.

Akachomoa kadi. Mzee akaleta mashine. Nikagusisha, nikangoja ti. Haikulia. Kwa malipo makubwa mashine inataka namba.

Nikabonyeza tarehe yangu ya ndoa, nikarudi nyuma, nikageukia ukuta. Mzee wa futi akanishangaa. Mama mkwe akavua mtandio, akafunika mashine na mikono yake na nusu ya meza, akabonyeza.

Mashine ikatoa sauti nzito ya kukataa.

"Umekosea," mama mkwe akasema.

"Mama, tujaribu tena."

Tukarudia. Mimi, ukuta, mtandio. Mashine ikakataa tena kwa sauti ile ile. Mzee wa futi akasoma maandishi kwenye kioo chake, akatuinulia kidole kimoja. Bado mara moja. Tukikosea hiyo, kadi inajifunga yenyewe na pesa zote zinabaki ndani yake.

Sasa nieleweni vizuri shida yangu. Zangu nilikuwa na uhakika nazo. Siku niliyofunga ndoa naikumbuka kuliko siku nyingine yoyote, na hata usingizini ukiniuliza nakutajia. Kwa hiyo aliyekosea alikuwa mama mkwe. Lakini mama mkwe haambiwi amekosea. Mtu mwingine angesema labda mashine ni mbovu, labda mtandao uko chini, maisha yakaendelea. Mimi siruhusiwi! Mashine ile ilikuwa nzima kabisa.

"Mama," nikasema taratibu, "mimi zangu ni sahihi."

"Kwa hiyo unasemaje?"

"Sijasema kitu, Mama."

"Unasema mimi ndiye nimekosea?"

"Nimesema zangu ni sahihi, nikaishia hapo."

Akavuta mtandio wake akaufunga kichwani kwa nguvu. Nikaona tumeharibu.

Nikaomba intaneti ya duka, nikapiga ile namba iliyoandikwa nyuma ya kadi. Muziki ukapigwa, ukapigwa, ukaisha, ukaanza upya. Akapokea kijana mwenye sauti ya upole sana.

"Kubadilisha namba ya siri mwenye kadi afike mwenyewe tawini na kitambulisho," akasema.

"Tuko nje ya nchi."

"Hakuna shida. Mkirudi mnakaribishwa."

"Tukirudi hatutakuwa na haja nayo!"

"Je, kuna jambo lingine naweza kukusaidia?"

Nilimwambia ukweli kwamba hilo la kwanza hajanisaidia, nikakata.

Mzee wa futi akanyooshea kidole saa ya ukutani. Atatungojea mpaka muda wa kufunga duka, baada ya hapo magauni yanauzwa. Yule mwanamke wa miwani akavuta kiti, akakiweka karibu kabisa na reli, akaketi na mkoba wake mapajani.

*

"Fundi, njoo huku," mama mkwe akaniita.

Alikuwa ameingia kwenye chumba cha kujaribia nguo, kile cha pazia, chenye kioo na kistuli kimoja. Mimi na mama mkwe ndani ya chumba cha kuvulia nguo! Nikasimama nusu ndani nusu nje, kichwa ndani, miguu nje.

"Ingia, watu wanatazama miguu yako."

Nikaingia, nikageukia kona.

"Usigeukie kona, niangalie. Nataka kukuambia kitu."

Nikageuka. Mama mkwe alikuwa ameketi kwenye kistuli, kadi mkononi, na uso wake haukuwa ule ninaouogopa.

"Sizikumbuki," akasema.

"Nini, Mama?"

"Zile mbili. Sizikumbuki. Nimezitafuta tangu tuingie humu dukani, hazipo."

"Sasa pale kwenye mashine ulikuwa unabonyeza nini?"

"Zilizokuwa karibu na kidole."

Nikajikuta nimekaa sakafuni.

"Mara zote mbili?"

"Mara ya pili nilibadilisha kidole."

Nilitaka kucheka, na nilitaka kupiga kelele, lakini yeye alikuwa ameanza kulia, tena kwa kujizuia, mtandio mdomoni. Sijawahi kumwona analia. Hata kwenye msiba wa baba mkwe aliwapangia watu viti.

"Siku hizi kichwa kinaniacha," akasema. "Nafungua kabati nasahau nilichofuata. Juzi mteja amesimama mbele yangu, binti niliyemvika mimi mwenyewe harusini kwake, jina likapotea. Nikamwita mama, mama, mpaka akaondoka. Sijamwambia mtu. Wanangu wakijua, duka wananinyang'anya. Watanikalisha kule juu na rimoti ya televisheni, waniambie, Mama, pumzika. Fundi, mimi nikipumzika nakufa."

"Hawawezi, Mama."

"Mke wako ndiye wa kwanza. Namjua, nimemzaa."

Hapo sikubisha, kwa sababu na mimi namjua.

Akainama karibu. "Sema ni wewe."

"Mimi nini?"

"Sema wewe ndiye uliyesahau. Wewe ukisahau hakuna atakayeshangaa."

"Mama! Huo ni uongo."

"Mdogo."

"Mama, mimi nimekatazwa hata ule wa kushiba! Na hakimu ni wewe mwenyewe!"

"Ndiyo maana nakuomba mimi mwenyewe. Siku ya kuulizwa nitasema hukusema uongo hata mmoja. Nani atajua? Tuko wawili humu ndani."

Fikirini nafasi yangu. Mtu anayepaswa kunifunga ndiye ananipa ufunguo. Nikisema ukweli, namvua nguo mama wa watu mbele ya mtoto wake. Nikisema uongo, hakimu ameshaniachia huru kabla ya kesi. Lakini sitaki mdhani nilipiga hesabu. Nilimwonea huruma, basi. Alikuwa amekaa kwenye kile kistuli mabega yameshuka, na mimi mama yangu mzazi sinaye tena.

"Sawa, Mama," nikasema. "Ni mimi."

Akanifuta vumbi begani, ingawa vumbi halikuwepo. Na hapo hapo simu yangu ikaita.

Alikuwa mke wangu. Kwa picha.

Sikujua kwamba taarifa za kadi zilikuwa zinaingia kwenye simu yake, maana ya mama yake ni ya kubonyeza na huko ugenini haishiki. Kila ti ilikuwa inamfikia. Maji, chai, miavuli. Na sasa zimemfikia zile mara mbili za kukataliwa.

Mama mkwe akajibana kwenye kona ili asionekane, akaweka kidole mdomoni kwake.

Nikapokea. Uso wa mke wangu ukajaa kwenye simu. Tangu anihame nilikuwa nausikia tu nyuma ya mlango, na kwa muda kidogo nikasahau habari zote za kadi. Nimem-miss mno, ndugu zangu, siwafichi.

"Kuna nini huko?" akauliza. "Nani amekosea namba?"

Kule konani kidole kilikuwa bado mdomoni.

"Ni mimi, mke wangu. Nimesahau zangu."

Hakujibu. Nikadhani mtandao.

"Unanisikia? Nimesema nimesahau namba zangu mbili."

"Nimesikia," akasema. "Zako ni tarehe ya ndoa yetu."

Jamani.

Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba nilimwambia. Nilihisi jasho linatoka hata magotini.

"Ulipanda ngazi ukaniambia mwenyewe," akaendelea, sauti yake imetulia, na mimi sauti hiyo iliyotulia ndiyo naiogopa. "Na mimi nikarudi chumbani nikafungua begi, nikatoa nguo mbili nikazitundika, nikasema labda huyu mtu amebadilika. Sasa chagua moja. Umesahau siku uliyonioa, au unanidanganya?"

Ndugu zangu, jibu la kwanza ni baya, na la pili ni baya.

"Labda mama ndiye..." akaanza kujisemea, halafu akatikisa kichwa. "Hapana. Mama zake aliniachia asubuhi mnaondoka. Alininong'oneza jikoni, akasema, nikizisahau nitakupigia kwa simu ya fundi. Nimekaa na simu mkononi tangu asubuhi. Hajapiga. Kwa hiyo mama zake anazo, na tatizo ni wewe."

Nikatazama kona. Mama mkwe alikuwa ameachama. Alikuwa amesahau namba, na alikuwa amesahau kwamba alijiwekea akiba ya namba. Sisi tuliofichana kwa mtandio na ukuta, kila mmoja alikwenda kumwambia siri mtu mmoja tu, na mtu huyo akawa yule yule! Kadi nzima ilikuwa kichwani kwa mke wangu tangu mwanzo.

"Namba ninazo zote nne," mke wangu akasema. "Nitawapa, magauni yasipotee, hayana kosa. Lakini wewe kwanza unijibu. Umesahau, au unanidanganya?"

Mle kwenye kile kisimu alikuwa anangoja, na niliona kwamba jicho moja lilishaanza kujaa machozi. Nilitaka kumwambia kila kitu. Ningeweza kusema maneno matatu tu, nikarudishiwa mke wangu. Nikamtazama tena mama yake, nikashindwa.

"Nimeshaelewa," mke wangu akasema.

Hapo ndipo mama mkwe alipotoka kwenye kona. Alininyang'anya simu mkononi, akaiweka sikioni, kwa sababu kwake simu ni kitu cha sikioni hata ikiwa na picha.

"Mwanangu," akasema, "kaa chini."

Na taa zikazimika.

Mzee wa futi alikuwa anafunga duka. Alikuwa ameshusha swichi kubwa kule mbele, na swichi ile ilizima taa, feni na intaneti kwa pamoja. Kupitia upenyo wa pazia niliona mwanga wa mtaani, nikasikia mlango wa bati ukianza kushuka. Nikatazama simu kwenye sikio la mama mkwe. Ile picha ya mke wangu iliganda, ikawa duara dogo linalozunguka, halafu likapotea, kikabaki kioo cheusi.

Mama mkwe hakuona. Wala giza halikumshughulisha.

"Mumeo hakusahau kitu," alikuwa anasema. "Ni mimi. Kichwa changu, mwanangu, kinaniacha, na nimekuwa nikikuficha kwa sababu naogopa. Nimemlazimisha huyu mtoto wa watu aseme uongo kwa ajili yangu. Nilimwomba, akakataa, nikamlilia, akakubali. Kama kuna muongo hapa ni mimi niliyewekwa kumchunga. Tangu tufike hajasema la uongo, hata kofia yangu aliikataa, na kweli ilikuwa mbaya. Nimekuwa nikikuambia umeolewa na mtu wa hovyo. Sivyo. Mtu huyu alikuwa tayari kukukosa wewe ili mimi nisiaibike. Mimi nilizaa mabinti wawili, lakini leo nina mtoto wa kiume. Ukitaka kunikalisha kule juu, nikalishe. Duka lichukue. Ila rudi nyumbani kwako."

Nilisimama pale gizani nikilia kama mtoto, sijui ni kwa furaha au kwa ule upuuzi. Maneno yale yote niliyokuwa nayangojea tangu siku ya posa yalikuwa yanasemwa, tena vizuri, na hakuna aliyekuwa anayasikia ila mimi. Nilinyoosha mkono mara mbili kumgusa bega nimwambie, Mama, imekatika. Mara zote mbili nikaurudisha. Ukweli ule ulimgharimu nguvu zake zote. Ungeniambia nimwombe aanze upya?

Na kule nyumbani mke wangu alibaki na uongo wangu, na "mwanangu, kaa chini".

Nje, mzee wa futi akagonga kwenye ubao wa chumba. Nikasikia pia sauti ya yule mwanamke wa miwani, na vining'inizio vikigongana kwenye reli.

Mama mkwe akamaliza. Akangoja, simu bado iko sikioni.

"Hasemi kitu," akaninong'oneza. "Nadhani analia."

Akaniwekea simu mikononi kwa uangalifu, akaishikilia mikono yangu yote miwili kwenye giza lile.

"Msikilize wewe, mwanangu. Halafu niambie ukweli. Amesemaje?"

Nikaiweka simu sikioni. Akafuta macho kwa mtandio, akanitazama, akangoja nimjibu.